Karakana ya Jumamosi Ngamiani kwa Watoto Wanaolelewa Bila Baba

Katika mji kama Tanga, ambako baiskeli hupandwa na watu wa kila rika, mafundi kadhaa wa Ngamiani walifanya jambo la busara kufungua karakana yao kila Jumamosi kwa watoto ambao baba zao wamefariki, wametengana na mama zao au hawajulikani waliko. Mpwa wangu huhudhuria, nami huwa nabaki kumsubiri, hivyo huduma hiyo naifahamu kwa karibu.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kila mtoto huwekwa chini ya fundi mmoja, na huyo huyo ndiye anayemkuta wiki baada ya wiki. Misaada mingi niliyoiona hugawa madaftari na sare, ambavyo kweli vinahitajika, lakini mgawaji haonekani tena. Hapa mtoto anajua kwamba asipofika, yupo mtu atakayepiga simu nyumbani kumuulizia. Nilimtazama mpwa wangu akizamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji, akafuata mapovu hadi kwenye tundu, akalikwangua kwa msasa na kupaka gundi. Alipotaka kubandika kiraka papo hapo, fundi wake alimwambia, "Ngoja ikauke kwanza, baba," kisha akaendelea na kazi yake bila kumnyang'anya mpira.

Kasoro zipo, na kubwa zaidi iko kwenye fomu ya kujiandikisha. Inauliza tarehe ya kifo cha baba tu, kana kwamba kila mtoto asiyelelewa na baba ni yatima, na mama aliyetelekezwa hulazimika kueleza mambo yake ya ndani mbele ya wazazi wenzake. Mama huyo angefaa kuelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuiomba mahakama itoe amri ya matunzo dhidi ya baba, hata kama hakumwoa mama wa mtoto. Pale karakana sijasikia mtu akilitaja hilo. Wasichana nao ni wachache, nadhani kwa kuwa hakuna fundi mwanamke, na saa za asubuhi hugongana na madrasa.

Ada haitozwi. Kwa mtoto wa darasa la tano na kuendelea naipendekeza bila kusita. Wadogo zaidi wasubiri, kwani vifaa ni vikali na fundi mwenye watoto kadhaa hawezi kumwangalia mmoja muda wote.