Chemka na familia nzima, kuanzia bibi mpaka katoto ka mwaka mmoja

Naipa Chemka, ile chemchemi ya maji ya uvuguvugu huko Hai, nyota nne na nusu, na hiyo nusu niliyobakiza ntaieleza huko mbele. Mi ni mtu wa Moshi miaka yote, Chemka nimeshaenda kama mara nne, na zote nilienda na washkaji: tunafika saa nane mchana, picha, tunaruka na ile kamba mara mbili tatu, chipsi kuku, jioni tupo mjini. Nikawa najiona napajua. Juzi Jumamosi tumeenda watu 13 na masufuria yetu na bibi kakaa siti ya mbele, tumeshinda kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na moja, na ndo naandika hii sasa mana naona watu wengi wanaenda pale kama nilivyokuwa naenda mimi.

Ilianzaje. Mdogo wangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Doha, likizo hii kaja na mwenzake wa kazini, kijana wa Kifilipino ana miaka 24, kwao ni Calamba, mkoa wa Laguna, kusini ya Manila. Watoto wa hapa nyumbani wanamwita Kuya, ni neno lao la kaka mkubwa, aliwafundisha siku aliyofika na likaganda hapohapo. Sasa siku ya pili yake tu akauliza, kupitia kwa mdogo wangu, eti familia yenu wikiendi huwa mnatokaga kwenda wapi? Tukabaki tunaangaliana. Mama akajibu, tunaenda kanisani. Akasema sawa, na baada ya misa?

Kwao baada ya misa ndo siku inaanza. Familia nzima inatoka, na akisema familia nzima anamaanisha bibi, babu, mashangazi, binamu, mchumba wa binamu, wote. Kama hela haipo wanaenda tu kuzunguka mall, mana joto la kule ni la kuloweka shati na mall ina AC. Ikiwepo kidogo wanakula Jollibee, ile kampuni yao ya kuku na tambi iliyoanza kama duka la aiskrimu mwaka 1975 na sa hivi ipo nchi kibao. Alafu ile miezi ya jua kali, Machi mpaka Mei, wanachanga wanakodi bwawa huko Pansol, ni mtaa wa hukohuko Calamba chini ya mlima Makiling, mlima wa volkano iliyolala, maji yanatoka chini ya ardhi yakiwa ya moto wanayaelekeza kwenye mabwawa ya simenti, unakodi nyumba na bwawa lake, mnaingia jioni mnaogelea mpaka kunakucha.

Baba mdogo akacheka akasema, mwanangu, mlima na maji ya moto hata sisi tunavyo.

Basi ikapangwa Chemka. Kwa wasiopajua, ni Rundugai huko, wilaya ya Hai. Kutoka Moshi unashika barabara ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe alafu unakata kushoto kushuka huko chini, na hapo lami inakuwa imeisha. Kama huna usafiri panda daladala za Boma, ukishuka pale bajaji na boda zipo. Sisi tulikodi Hiace ya kushinda nayo, na hapa naomba mnisikilize vizuri: tulishaelewana bei na dereva, tumefika Boma akasema hiyo bei ilikuwa ya kwenye lami tu, vumbini tuongeze. Tukaongeza, ungefanyaje na bibi yupo ndani ya gari. Kwa hiyo mnapoelewana taja kila kitu kwa mdomo wako, kwenda mpaka maji yalipo, kusubiri mpaka jioni, na kurudi mpaka mlangoni. Njiani Kuya alitufurahisha sana, kwao wana jeepney, zile gari walizoanza kuziunda kwa jeep zilizoachwa na jeshi la Marekani baada ya vita vya pili, abiria mnakaa mnaangaliana na nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka imfikie dereva, hamna konda. Watoto wakaanza kumpitishia baba mdogo vizibo vya soda kama nauli mpaka tunafika.

Vumbi la ile njia msilichukulie poa, kiangazi linaingia hadi kwenye meno. Bebeni kanga za kumfunika mtoto na vyakula vifungwe vizuri.

Alafu sasa unafika. Umetoka kwenye ukame, vichaka na udongo mkavu tu, ghafla unaona miti mirefu ya kijani imejikusanya sehemu moja, unaingia chini yake na pale kuna maji ya bluu unayaona mpaka chini, mizizi ya mitini imeingia humohumo majini. Maji ni ya uvuguvugu, msitegemee moto wa kuunguza kama jina linavyotisha. Kuya alisimama pale akanyamaza kama dakika nzima. Akasema Pansol maji ni matamu lakini unaogelea kwenye boksi la simenti, hapa hakuna aliyejenga kitu, mti wenyewe ndo ngazi ya kushukia. Akauliza maji yanaenda wapi, baba mdogo, yeye ni bwana shamba mstaafu, akamwambia yanaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa inakutana na mto Ruvu wa huku kwetu pale bwawa la Nyumba ya Mungu, ukitoka hapo mto unaitwa Pangani mpaka baharini.

Tulifika saa tatu na nusu na nawaambia muda ndo kila kitu. Saa tatu maji yametulia, hamna aliyeyachafua, na ile sehemu tambarare chini ya mti mkubwa mnachagua mnavyotaka. Tulitandika mikeka yetu, bibi akawekewa kiti, akavua viatu akatumbukiza miguu. Wale samaki wadogo wakaja kumdonoa nyayo. Bibi ana miaka 81, amezaliwa Machame, maisha yake yote anasikia Chemka Chemka na hakuwahi kufika. Alitoa mlio, akatoa miguu, akairudisha mwenyewe, hakuitoa tena mpaka muda wa kula. Mi nilipiga hiyo picha na mkono unatetemeka.

Na huyu bibi na Kuya walishapatana toka siku ya kwanza. Alivyotambulishwa hakumpa mkono wa kawaida, aliinama akauchukua mkono wa bibi akaugusisha kwenye paji la uso wake, ndo salamu yao kwa wakubwa, wanaita mano. Bibi hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alisema palepale, "Marahaba mwanangu."

Chakula sasa. Pale Chemka wapo wanaouza, kuku wa kuchoma na chipsi unaagiza unasubiri, wikiendi unasubiri sana, kwa hiyo ushauri wangu pikeni nyumbani. Kuya aliamka saa kumi na moja kupika adobo ya kuku: siki, soya sosi, kitunguu saumu cha kutosha na pilipili manga nzima, inachemka taratibu mpaka mchuzi unakaukia. Sababu ya kupenda kubeba hiyo kwenye matembezi ni siki, haichachi haraka hata jua likiwaka vipi na hamna friji. Kuku wetu wa kienyeji alimsumbua, alikaa jikoni mara mbili ya muda aliozoea, ila alivyoiva mama kamega kipande akasema hii kesho naijaribu na mbuzi. Mama yeye alipika wali, mchele wa Mabogini. Hapo baba mdogo akasubiri kijana ale kidogo kwanza alafu akamwambia, unajua huo mchele ni wa kwenu? Miaka ile skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi inaanza, hiyo yenye mashamba ya Mabogini, mbegu iliyolimwa sana ilikuwa IR54, na hizo IR zimetoka kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1960 Los Baños. Los Baños ni mji wa jirani tu na Calamba, mlima ni huohuo Makiling. Kuya anasema kalipita geti la hiyo taasisi toka akiwa mtoto na hakuwahi kuwaza kwamba kuna watu chini ya Kilimanjaro wanakula kilichotoka pale. Akaomba aongezwe wali.

Tulivyokula ni hivi: mashangazi walikata majani ya mgomba Machame, tukayapitisha kwenye moto yakalainika, tukayapanga kwenye mkeka moja refu moja refu, wali katikati kama kilima, adobo huku, ndizi nyama huku, kachumbari, samaki wa kukaanga, matikiti mwisho. Kwao wanaita kamayan, kamay ni mkono. Hamna sahani wala kijiko, mnazunguka wote mnakula unapoangalia wewe, bibi na mjukuu jani moja. Sisi sinia tunalijua toka utoto lakini sinia linachukua watu watano, hili jani lilichukua watu 13, na nilivyoinua kichwa nikaona hamna hata mmoja ameshika simu. Hata kale ka mwaka mmoja kalikuwa kanachota wali kenyewe. Watoto chipsi zao walikula na kechapu ya ndizi, chupa alikuja nayo toka Doha, iligunduliwa na mwanamama mtaalamu wa chakula wa kwao, Maria Orosa, mana nyanya zilikuwa shida na ndizi zipo tele. Shangazi akaishika hiyo chupa akaizungusha akasema sisi Wachaga na ndizi zetu zote tulikuwa wapi!!

Baada ya kula ndo bibi akamuuliza Kuya huo mlima wenu una hadithi gani. Akasema ndani yake anaishi mwanamke anaitwa Maria Makiling, anaulinda msitu na wanyama. Bibi naye akampa ya Kibo na Mawenzi, Mawenzi alivyokuwa kila siku anaenda kuomba moto kwa Kibo mpaka Kibo akachoka akamtandika na mchi, ndo mana mpaka leo kichwa chake kimechongokachongoka. Watoto wangu wamezaliwa Moshi na hiyo hadithi walikuwa hawajawahi kuisikia kwa mdomo wa bibi yao. Nilijisikia vibaya kidogo, na furaha pia.

Sasa ile nusu nyota. Kuanzia saa saba watu wanajaa, Jumamosi na Jumapili ndo usiseme, na lilikuja kundi moja na spika kubwa wakafungulia mziki mpaka bibi akaziba masikio. Sisi tulikuwa na kimaiki kidogo cha bluetooth, Kuya hawezi kutoka bila kuimba, kwao kila sherehe kuna mashine ya videoke, yani karaoke, na anajivunia kabisa kwamba Mfilipino mwenzao, Roberto del Rosario, ndo mwenye hatimiliki ya mashine yake ya kuimbia ya miaka ya 80. Tuliimba nyimbo tatu kwa sauti ya kusikiana wenyewe, mama akaimba wa kwaya, alafu lile kundi likatuzima. Kingine mawe yana utelezi na kuna sehemu maji ni marefu, yanamzidi mtu mzima. Watoto kodishieni maboya ya matairi na awepo mkubwa mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu, sisi tulipeana zamu ya nusu saa. Kiingilio bei ya mgeni wa nje na ya mwenyeji ni tofauti, ulizeni getini kabla hamjatoa hela. Na takataka zenu rudini nazo, tafadhali sana, sisi majani ya mgomba na chupa vyote tulivifunga kwenye kiroba tukarudi navyo.

Watakaouliza Kuya anapenda nini kingine, basketi. Anasema kwao kila mtaa una goli, hata la mbao juu ya mnazi, na watu wanacheza na ndala. Mwaka 2023 kombe la dunia lilipofunguliwa kwao waliingia watu 38,115 kwenye mechi moja, rekodi ya hayo mashindano. Pale Chemka alifunga ringi ya ndoo iliyopasuka kwenye tawi, na ndo ilivyomtoa kijana wangu wa miaka 14 kwenye gemu za simu, nilishajaribu njia zote.

Kurudi, tumefika Boma, Kuya akaomba gari lisimame. Kwao ukitoka matembezini hauingii nyumbani mikono mitupu, lazima ubebe kitu cha waliobaki, wanaita pasalubong. Tukamwambia hata huku mtoto akikuona umerudi anaangalia mkono kwanza. Akanunua maparachichi na miwa, akagawa kwenye mifuko: jirani aliyetulindia nyumba, dada wa duka, mzee wa geti. Bibi naye akashuka, polepole na fimbo yake, akanunua mafungu mawili ya ndizi mbivu kwa hela yake mwenyewe, akasema hizi ni za wale wenzangu wa jumuiya, niwaambie nimetoka wapi.

Tumeshaanza kuchanga ya mwezi ujao, Kuya atakuwa ameshaondoka lakini kachanga na yeye. Tutaenda siku ya kawaida ya kati ya wiki watoto wakifunga shule, na dereva mwingine.