Siku saba Chenjiagou na goti langu

Likizo ya Oktoba sikurudi nyumbani. Nilitoka Zhengzhou ninakosoma, nikavuka Mto Manjano hadi Chenjiagou, kijiji cha wilaya ya Wen mkoani Henan, nikakaa siku saba katika mojawapo ya shule zake za taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina inayochezwa polepole. Nililipa yuan 1,800, kula na kulala humo humo. Wenzangu mliopo China mmeniuliza sana kama inafaa.

Inafaa mno. Ila mjue mnachokifuata. Kwa miaka miwili nilikuwa nafuatana na wazee bustanini wakicheza ile miondoko 24 iliyopangwa mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang, laini mwanzo hadi mwisho, nikadhani taichi ndiyo hiyo. Chenjiagou ni kwa akina Chen, ukoo wenye mtindo wake wa taichi. Chen Wangting, wa karne ya 17, ndiye wanayemhesabu mwanzilishi, na Yang Luchan mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo wa Yang, alijifunzia hapo kabla ya kwenda kufundisha Beijing. Kwao mwili unajisokota polepole kama uzi, halafu ghafla ngumi inachomoka.

Siku mbili za kwanza tulisimama tu. Magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kama umekumbatia pipa, dakika 20, mapaja yanatetemeka. Mwalimu wetu, mama wa makamo, anapita akigusa bega la huyu, kiuno cha yule, na neno lake ni moja: fangsong, legeza. Siku ya tatu akaona goti langu la kulia linaingia ndani kila ninapohamishia uzito mguu ule. Alichuchumaa, akalishika kwa mikono miwili, akalielekeza sawasawa na vidole vya mguu. Goti hilo lilikuwa likiniuma tangu mwaka juzi, nami nikisingizia ngazi za bweni. Sasa haliumi.

Kisha tukafika kwenye mwondoko uitwao mlinzi wa Budha anayetwanga kinu. Kiganja cha kushoto ndicho kinu, ngumi ya kulia ndiyo mchi, vinakutana mguu ukipiga chini kwa kishindo. Wenzangu walikuwa wakijipigapiga ngumi tu. Mimi nimetwanga kisamvu kwa bibi Muheza: mchi haushindiliwi, unauinua kisha unauachia ushuke na uzito wake. Nikafanya hivyo. Mwalimu akawasimamisha wote waangalie, nami machozi yakanilengalenga.

Kasoro zipo. Tulikuwa watu 30 kwa walimu wawili, na jioni wageni tuliachwa tujifunze wenyewe. Maji ya moto yalikuwa saa moja tu kwa siku. Tulisukumwasukumwa pia tununue sare ya yuan 300. Msinunue, traksuti inatosha kabisa.

Na msiende wiki ya sikukuu ya taifa kama mimi, China yote iko safarini. Mzunguko wa kwanza wa Laojia, mfululizo wa zamani wa akina Chen tuliokuwa tukijifunza, una miondoko zaidi ya 70, nami nimetoka na 11. Nimeshaomba nafasi ya wiki mbili mwezi wa nne, kwa mwalimu yule yule.