Canva kwa mabango ya shirika la wanawake: uzoefu wangu

Ninajitolea kutengeneza mabango ya shirika dogo linalosaidia wanawake waliofanyiwa ukatili majumbani, na kazi hiyo naifanyia kwenye Canva, programu ya mtandaoni ya kubuni mabango na picha. Programu inafaa, mradi usiiachie ikufikirie.

Mvuto wa kwanza ni gharama. Shirika lililosajiliwa lisilo la faida likiomba na nyaraka zake zikakubalika, hupewa bure huduma za toleo la kulipia. Hapo bango la A3 unaligeuza kuwa picha ya kutuma WhatsApp bila kulianza upya, na nembo, rangi na fonti za shirika zinakaa mahali pamoja, ili aliyejiunga jana asije na bluu yake. (Atakuja nayo tu.)

Violezo, yaani miundo na picha zilizo tayari, ndivyo vya kuangalia kwa jicho kali. Katika hazina yoyote ya picha, si hii peke yake, ukitafuta "wanawake" unamwagiwa maua na rangi ya waridi. Ukitafuta "ukatili" analetwa mama aliyejikunyata pembeni, jicho limevimba. Manusura tuliowaonyesha rasimu hawakuzipenda. Mmoja alisema yeye hakupigwa hata siku moja. Mume alikuwa anamchukulia mshahara na kumkagua simu, kwa hiyo bango lile aliliona la watu wengine. Siku hizi tunaanza na swali, "Anakagua simu yako?", kwa herufi nene, bila sura ya mtu. Tena leseni za picha kama hizo mara nyingi huwa na masharti ukimweka mwanamitindo kwenye mada nyeti, basi tumeepuka na hilo.

Halafu kuna msomaji mwenyewe. Huenda amesimama na mtu yuleyule anayemwogopa, hawezi kutoa kalamu akaandika namba. Ndiyo maana chini ya bango tunaweka vipande vya kuchana vyenye namba ya msaada tu, bila jina la shirika, na tunabandika ndani ya milango ya vyoo vya wanawake. Kuvitengeneza ni rahisi: andika namba, izungushe nyuzi 90, nakili, na mistari ya mwongozo inakusaidia kuzipanga sawa. Msimbo wa QR pia unatengenezwa humohumo, lakini mimi siutegemei. Ukurasa uliofunguliwa unabaki kwenye kumbukumbu za simu, na simu ndiyo inayokaguliwa. Kipande cha karatasi kinatupika.

Rangi zinahitaji subira. Kampeni ya Umoja wa Mataifa ya siku 16, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, hutumia rangi ya chungwa, na chungwa ni jeuri kwenye karatasi. Kioo cha simu au kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa ina wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, kwa hiyo ule mng'ao wa kwenye kioo hufifia. Chagua PDF ya kuchapisha yenye rangi za CMYK (ndizo hizo nne za wino), acha milimita 3 za kukatia kila upande, na omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuruhusu mamia. Maandishi meupe juu ya chungwa angavu yaache kabisa: WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za mtandaoni zisomeke na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe na uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na mchanganyiko huo haufiki. Nyeusi juu ya chungwa inasomeka hata kwenye korido yenye taa hafifu.

Kwa mabango na picha za mitandaoni naipa nyota 4 kati ya 5. Ripoti ya mwaka, yenye kurasa nyingi na majedwali, naipeleka Scribus, programu ya kupanga kurasa ambayo nayo ni bure na imeundwa kwa ajili ya kazi za kuchapwa.