Uzoefu wangu: SRD 5.1 kama mwamuzi wa ubishi wa kanuni mezani

Kundi letu hucheza mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi uitwao Dungeons & Dragons alasiri za Jumapili hapa Chumbageni, Tanga, na kwa muda mrefu ubishi wa kanuni ulikuwa ukitumalizia saa nyingi kuliko mchezo wenyewe. Ninachokitolea maoni hapa ni System Reference Document 5.1, yaani hati ya kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huo, ambayo kampuni ya Wizards of the Coast iliiweka chini ya leseni huria ya Creative Commons mnamo Januari 2023. Hailipiwi, ina takribani kurasa 400, na ukishaipakua mara moja unaisoma kwenye simu bila kuhitaji bando.

Katika mchezo huu msimamizi ndiye anayesimulia ulimwengu na ndiye mwenye kauli ya mwisho. Wachezaji hueleza wahusika wao wanafanya nini, na jambo lenye shaka huamuliwa na dadu la pande 20. Msimamizi wetu ni mwanafunzi wa chuo, mdogo kwa umri kuliko karibu wote anaowasimamia, na miongoni mwa wachezaji yumo mtu mzima anayefanya kazi ya kuondosha mizigo bandarini, ambaye sote tunamwita ami. Kijana aliyelelewa vyema huona tabu kumkatalia ami yake mbele za watu, na ami naye, kwa mazoea ya kazi yake, hakubali kauli isiyoonyeshwa kwenye karatasi. Matokeo yake yalikuwa kwamba kijana hunyamaza, kanuni hupindishwa, na wachezaji waliokaa kimya huondoka wakinung'unika.

Hapo ndipo hati hii iliponishawishi kikamilifu. Siku hizi msimamizi husema, "Ami, naomba tusome pamoja," akatafuta neno kwenye faili, akampa simu ami asome mwenyewe kwa sauti. Hukumu hutoka kinywani mwa mkubwa, heshima ya kila mmoja ikabaki mahali pake, na mchezo ukaendelea.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kuwa na maandishi peke yake kunatosha. Ubishi mkali kuliko wote tuliowahi kuwa nao ulihusu chupa ya dawa ya kuponya, ile inayomrudishia mhusika alama za uhai kwa kurusha madadu mawili ya pande 4 na kuongeza 2. Ami alitaka mhusika wake, aliyekuwa karibu kuanguka, anywe dawa kisha apige upanga katika zamu ileile. Msimamizi alimwonyesha kwamba kunywa dawa hutumia tendo zima la zamu, hivyo upanga usubiri. Ami akafungua simu yake, akasoma kwamba kunywa dawa ni tendo la ziada tu, na kwamba upanga unaruhusiwa. Wote wawili walisoma sawasawa: msimamizi alikuwa na 5.1, na ami alikuwa amepakua 5.2, iliyotolewa mwaka 2025 kufuata kanuni zilizorekebishwa za mwaka 2024. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba kabla ya hadithi yoyote kuanza tunataja toleo moja, na toleo hilo halibadilishwi hadi hadithi iishe. Ningemshauri kila anayeunda kundi aanze na hilo kabla hata ya kugawa madadu.

Udhaifu mkubwa wa 5.1 unaonekana pale hati inapomrudishia msimamizi mzigo. Kifungu cha kujificha kinasema msimamizi ndiye anayeamua kama mazingira yanafaa, na kwamba mhusika hawezi kujificha mbele ya mtu anayemwona waziwazi. Mchezaji wetu anayependa kuigiza mwizi hudai kwamba kivuli cha pipa kinatosha. Msimamizi huona hakitoshi. Na hakuna mstari wa kumpa ami ausome. Katika hili 5.2 iko wazi zaidi, kwa kuwa inataka mhusika awe mahali asipoonekana kabisa, kama gizani, au nyuma ya kinga ya kutosha, asiwe mbele ya macho ya adui, kisha dadu pamoja na nyongeza zake lifikishe 15. Sisi tuliobaki na 5.1 tumejiwekea utaratibu wetu: kila upande unasema hoja yake kwa ufupi, msimamizi anaamua, uamuzi unaandikwa daftarini na kufuatwa hadi mwisho wa kikao, na mwenye kinyongo anausubiri muda wa chai baada ya kikao ndipo tuujadili upya. Hati yenyewe haifundishi utaratibu wa namna hiyo, na kwa maoni yangu ilistahili kuwa nao.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kila aina ya mhusika imepewa tawi moja tu la ujuzi, kwa hiyo mchezaji aliyechagua tawi lililomo kwenye vitabu vya kununua hatapata jibu humu. Pia 5.1 haina faharasa ya kanuni iliyopangwa kwa alfabeti kama ile ya 5.2, na asiyejua kutafuta neno ndani ya faili atapekua sana.

Hati inapatikana kwa Kiingereza na lugha chache za Ulaya. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitafsiri na kuisambaza, mradi awataje wenye kazi, na sisi tumeshaweka kwa Kiswahili sehemu ya mapigano na orodha ya hali zinazompata mhusika, tukazichapisha steshenari na kuzifunga kwa plastiki ili zisiharibiwe na chai.

Ninaipa nyota 4 kati ya 5. Kundi jipya lisilo na hadithi inayoendelea lingepata nafuu zaidi kwa kuanza na 5.2, lakini kundi lililokwisha kuzoea 5.1 halina sababu ya kuhama katikati ya safari.