Kinyama cha titi kwa sindano, Dodoma: sindano safi, iangalie chupa

Mama anayetoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni na uvimbe kwenye titi, tunamshauri afike Dodoma achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa saratani, kwa sindano chini ya ultrasaundi kabla ya kukubali kupasuliwa. Ganzi ni ya pale pale, tundu halifiki milimita 5, hakuna nyuzi. Tunaipa nyota 4 kati ya 5.

Uliza kwanza aina ya sindano. Ya kukata, geji 14 (kipimo cha unene wa sindano), hutoa vipande kamili. Ile nyembamba ya kunyonya chembe haiwezi kuonyesha kama saratani imeshapenya tishu za jirani, kwa hiyo mgonjwa huishia kurudi tena.

Daktari mzuri huilaza sindano sambamba na ukuta wa kifua, aione yote kwenye skrini kabla ya kufyatua. Inaruka mbele kama milimita 22, na akiielekeza kifuani anaweza kutoboa pafu. Vipande 3 hadi 5 vinatosha. Kipande kikielea kwenye chupa, mara nyingi ni mafuta matupu, achukue kingine.

Nyota ya tano inapotea baada ya hapo, kwenye chupa, na hili linatuuma. Kinyama kiingie mara moja kwenye fomalini ya 10%, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, walau mara 10 ya ujazo wake, kikae saa 6 hadi 72. Kikilazwa kwenye maji ya chumvi kinaanza kuoza, tena upesi kwa joto la Oktoba. Hapo kipimo cha kuona kama saratani inachochewa na homoni kinaweza kusoma hasi, na mama akakosa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni hiyo, ambayo ingemfaa. Kwa sababu hiyo omba kupangiwa Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa jioni, chupa isije ikalala wikendi nzima. Kabla hujaondoka soma lebo: jina, titi la kulia au la kushoto, na sehemu ya uvimbe.

Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aseme siku ya kupangiwa, asiiache kwa uamuzi wake. Baadaye tundu likandamizwe dakika 10 bila kuchungulia. Wekundu kidogo na damu kuvilia chini ya ngozi ni kawaida. Homa na usaha si kawaida.

Majibu yakisema hakuna saratani ilhali picha ilitia shaka kubwa, usikubali kufungiwa faili. Huenda sindano ilikosa uvimbe. Dai kipimo kirudiwe.