Fomu ya CAPD (kipimo cha Cornell cha deliriamu kwa watoto) kwa wodi za watoto mahututi Moshi: inafaa, ila isomwe vizuri

Kwa muuguzi wa zamu, hakuna kipimo chepesi kuliko hiki: maswali 8, dakika 2, kalamu tu. Kila swali lina alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 9, shuku deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa akili kutokana na ugonjwa au dawa.

Kosa kubwa liko kwenye kuhesabu. Maswali 4 ya kwanza (kumtazama mlezi, kufanya jambo kwa kusudi, kutambua mazingira, kueleza mahitaji) yamegeuzwa: "kamwe" ni 4, "daima" ni 0. Manne ya mwisho ni kinyume chake. Ukichanganya, mtoto aliyelala kimya kitandani ataonekana mzima, na huyo ndiye anayesahaulika kuliko anayeng'oa mirija.

Jaza karibu na mwisho wa zamu, na usijaze mtoto asipoitikia sauti kabisa. Muulize mama: "Mwanao huwa hivi?" Jibu lake lina uzito. Kwa wenye ulemavu wa ukuaji fomu hushuku kupita kiasi.

Alama si utambuzi. Daktari athibitishe, huku sukari, oksijeni, malaria, maumivu na dawa za usingizi, hasa midazolamu, vikikaguliwa mara moja.