Dari la nyumba ya zamani: nunua nini kwanza, ngazi, mfuniko au insulesheni (vitu vya kuzuia joto na baridi)?

Watu wengi nyumba ya zamani ikiwasumbua kwa joto au baridi wanakimbilia kununua marobota ya pamba ya kioo, wanatandaza darini, hali inabaki vilevile, kumbe lile shimo la kupandia limefunikwa na kipande cha plaiwudi kilichopinda na hewa inapita tu.

Ndo maana namba moja kwangu ni mfuniko. Chukua unaokaa sawasawa kwenye fremu, uwe na raba ya kuziba pande zote nne na komeo la kuubana, halafu upande wa juu gundisha foam ngumu ya sm 5 au zaidi. Ukiwa huko juu ziba na matundu ya mabomba na nyaya. Hakuna kitu cha bei ndogo kinachosaidia kama hiki, kweli kabisa.

Namba mbili, pamba ya kioo. Inapatikana kirahisi, ila usiishindilie, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake, ukiweka maboksi juu umepoteza hela. Uingereza wanashauri unene wa sm 27, kwa hiyo kasafu kamoja kembamba hakatoshi kwenye baridi kali. Vaa barakoa na glavu, inawasha.

Rokwuli, yaani pamba ya mawe, naiweka tatu kwa sababu ya bei tu, kwa ubora inashinda: haiungui, inapunguza kelele. Nyumba ambayo boriti zake hazina nafasi sawa, na za zamani nyingi ziko hivyo, insulesheni ya karatasi za kusaga, inayopulizwa kwa bomba la mpira, itaingia kila kona, lakini paa likivuja inalowa na kushuka, so rekebisha paa kwanza.

Foili, ile karatasi ya alumini inayorudisha joto, ni ya sehemu za jua kali, na lazima iachiwe nafasi ya hewa upande unaong'aa, ukiibandika moja kwa moja kwenye kitu haifanyi kazi yake.

Ya mwisho ni foam ya kupuliza. Inazuia joto vizuri sana kwa unene mdogo, sikatai, ila kwenye paa la zamani inaficha uvujaji, mbao zinaoza kimyakimya na kuibandua ni kazi kubwa.

Ngazi je? Kama unapanda mara moja moja, ya kawaida inatosha. Ukiweka mizigo huko, ya mbao ya kukunja ndo imara zaidi, ya alumini ni nyepesi, ya teleskopu inafaa shimo dogo. Pima shimo, kimo cha chumba na nafasi ya kuifungulia, soma uzito inaobeba, na fundi akitaka kukata kenchi ili shimo liwe kubwa mkatalie, hizo ndo zinashika paa.

Kabla ya yote chungulia na tochi. Ukikuta punje nyepesi zinazong'aa rangi ya kijivu au dhahabu, inaweza kuwa vemikulaiti, madini yaliyotumika kama insulesheni, na nyingi ya zamani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, Marekani, uliofungwa 1990, ilikuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Usiguse, ipimwe. Nyaya zilizovikwa kitambaa mwite fundi umeme kabla hujafunika kitu, na matundu ya hewa ya ukingoni mwa paa yaache wazi, la sivyo unyevu utakaa humo.